Usaili wa Ajira Portal: angalia vyeti na majina mapema

Ndugu zangu mlioomba kazi serikalini kwenye tovuti ya Ajira Portal na mnasubiri kuitwa kwenye usaili na Sekretarieti ya Ajira, msisome maswali tu. Wapo vijana wenye uwezo wanaorudishwa mlangoni kwa sababu ya karatasi, na inauma sana, maana nauli na malazi kila mtu anajigharamia.

Tangazo la kuitwa likitoka, ingia kwenye akaunti yako ya Ajira Portal unakili namba ya mtihani. Siku ya usaili hawakupi pale.

Kisha toa vyeti vyote uviweke mezani. Vinavyotakiwa ni halisi: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita kama ulipita huko, na cha chuo. Karatasi ya matokeo haipokelewi, hata iwe na muhuri wa shule. Kama cheti chako bado kipo shuleni au chuoni, kifuate wiki hii.

Sasa linganisha majina herufi kwa herufi, pamoja na kitambulisho cha NIDA. Cheti kimoja kikisema Mohamed na kingine Muhammad, anza kushughulikia hati ya kubadili jina, ile iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kiapo cha wakili peke yake usikitegemee. Hiyo hati huipati kwa siku moja, na kati ya tangazo na usaili muda huwa mfupi mno.

Mchujo wa kuandika ukiuvuka, vyeti vilevile utaenda navyo kwenye mahojiano.