Jinsi ya Kulinganisha Indri wa Madagaska na Aksoloti wa Meksiko

Anayetakiwa kulinganisha lemuri, mnyama wa jamii ya kima, na salamanda, amfibia mwenye mkia, mara nyingi huanza kwa jedwali la manyoya na ngozi, miti na maji. Jedwali hilo huwa sahihi, lakini picha mbili zingetosha kueleza hayo yote. Ni afadhali kuanzia pale wanapofanana: indri, ambaye ndiye lemuri mkubwa kuliko wote walio hai, na aksoloti, salamanda wa Meksiko, wote IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, imewaweka katika kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Kisha uliza kila mmoja amefikaje hapo.

Tazama makazi kwanza. Indri huishi katika misitu ya mvua ya mashariki mwa Madagaska, inayofyekwa na kuchomwa ili watu wapate mashamba ya mpunga. Aksoloti amebaki katika mifereji ya Xochimilco, kusini mwa Mexico City, ambako maji yamechafuka na ambako perege, samaki wa Afrika tunayemfahamu zaidi akiwa kwenye sahani, alipandikizwa na sasa hula mayai na watoto wa aksoloti.

Katika uzazi, jihadhari na hitimisho la haraka. Indri jike huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka miwili au mitatu, ilhali aksoloti hutaga mamia ya mayai kwa mkupuo. Hata hivyo, Xochimilco ilikadiriwa kuwa na aksoloti 6,000 kwa kila kilomita ya mraba mwaka 1998, na 36 tu mwaka 2014.

Kipengele cha kukaa nacho zaidi ni ufugaji. Aksoloti huzeeka akiwa na umbo la kiluwiluwi, matamvua ya kupumulia yakiwa yamechanua kama manyoya pande mbili za kichwa, na mguu wake ukikatika humea upya. Ndiyo maana maabara zimemfuga tangu miaka ya 1860, wa kwanza walipopelekwa Paris. Indri, anayekula hasa majani machanga ya msitu wake, hajapata kustawi kifungoni. Kwa hiyo msitu ukiisha, hakuna indri wa akiba mahali pengine. Wala usiandike kwamba aksoloti wa matangi watarudishwa tu mferejini, kwa kuwa wengi wao wamezaliana ndani ya ukoo mmoja kwa vizazi vingi, na wamechanganywa damu na salamanda wa aina nyingine.