HiAce ya dizeli ikigoma kuwaka asubuhi ya baridi Kitulo

Gari letu ni Toyota HiAce ya 1997, injini 3L ya dizeli. Mimi na mume wangu tuling'oa viti vya nyuma, tukaweka kitanda cha mbao, kabati la vyombo na jiko la gesi. Nyumbani Dar es Salaam linawaka ukigusa ufunguo tu. Asubuhi yetu ya kwanza Kitulo, uwanda wa juu wenye baridi kusini mwa Tanzania, mwezi wa Juni, nyasi zote zikiwa nyeupe kwa sakitu, nilipiga stata mara nne bila mafanikio. Ya tano ikaanza kuzunguka kivivu.

Mzee mmoja aliyekuwa akipakia viazi kwenye Canter akaja taratibu. "Mwanangu, acha kwanza, utaimaliza betri. Njoo huku nyuma. Huyu aendelee kupiga." Mume wangu akapiga stata kidogo, mzee akakinga kiganja kwenye bomba la moshi, kisha akanionyesha. Kiganja kilikuwa kimelowa, kinanuka dizeli mbichi. "Mafuta yanafika. Hayaungui. Hita zako zimekufa." Alimaanisha zile plagi ndogo za umeme zinazopasha joto ndani ya injini kabla ya kuwasha.

Anza na hapo, kabla hujafungua kitu chochote. Ukipiga stata na moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli ukatoka, dizeli inafika ila haipati joto la kuiwasha. Moshi usipotoka kabisa, dizeli haifiki. Hizo ni njia mbili tofauti, na ukizichanganya utashinda juani ukifungua visivyohusika.

Tuchukue ya kwanza. Injini ya dizeli haina cheche. Inategemea hewa iliyobanwa hadi ikapata joto kali. Kitulo, juu ya mita 2,600, mgandamizo wa hewa ni mdogo kwa zaidi ya robo kuliko pwani, na chuma chenyewe kimelala kwenye baridi usiku kucha. Hapo hita ndizo zinazokusaidia. Dar unaweza kutembea mwaka mzima na hita tatu zilizokufa usijue, kwa sababu joto la pwani linakubeba. Sisi tulipanda nazo zikiwa mbovu tayari.

Kuzipima ni rahisi. Fungua ule ukanda wa chuma unaounganisha vichwa vya hita zote nne. Chukua testa ya taa ya volti 12, bana waya wake kwenye chanya ya betri, kisha gusa kichwa cha hita moja moja kwa ncha. Taa ikiwaka, waya wa ndani haujakatika. Isipowaka, hita hiyo imekufa. Usizijaribu kwa kuziunganisha moja kwa moja na betri kama baadhi ya mafundi wafanyavyo: kuna hita za volti ndogo ambazo utaziunguza palepale. Zetu tatu hazikuwasha taa. Zote zikiwa nzima na gari bado linagoma, rudisha ukanda, mtu aweke ufunguo kwenye ON, uguse ukanda kwa testa iliyobanwa kwenye bodi. Umeme usipofika, tafuta rilei (swichi ya umeme inayowasha hita) au fyuzi yake.

Zikiwa dhaifu lakini hai, weka ON, subiri taa ya hita izime, zima, rudia mara mbili, ndipo upige. Usipige zaidi ya sekunde 10, kisha ipumzishe stata dakika nzima.

Njia ya pili, isiyo na moshi, mara nyingi ni hewa kwenye mfumo. Bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli. Ikiwa laini kila asubuhi, kuna mpira uliopasuka au oringi iliyokauka, na baridi huikaza zaidi. Fungua pia koki ya chini ya filta umwage maji. Tangi likilala nusu, unyevu wa hewa hugeuka maji humo ndani.

Betri yenyewe, karibu na nyuzi sifuri, hupoteza kama theluthi ya nguvu yake ya kuzungusha stata. Ikilala iwe na volti 12.6; ikiwa 12.2 imebaki nusu. Wenye magari ya kulala tujiulize: taa na chaji za simu usiku zinakula betri gani? Sisi sasa tuna betri ya pili kwa ajili ya taa na chaji za sehemu ya kulala. Oili nayo tumeacha ile nzito ya namba 40, tunaweka 15W-40, ambayo kwenye baridi ni nyepesi zaidi.

Fundi mmoja mjini alishatuondolea themostati, ile vali inayozuia maji ya injini kwenda kwenye rejeta mpaka yapate joto, akisema gari halitachemka. Huku juu injini haikupata joto hata baada ya saa nzima, na dizeli ikawa inakwisha haraka. Irudishe. Na kwenye rejeta weka kulanti, ile dawa inayozuia maji kuganda, si maji matupu.

Nawaomba sana mambo matatu. Msishike kitambaa cha petroli kwenye mdomo wa hewa. Hita ikiwa ya moto, mvuke wa petroli utalipuka, na pistoni zinaweza kupasuka. Msiwashe moto chini ya injini. Na msilale na jiko la mkaa ndani ya gari eti mpate joto. Gesi yake haina harufu, na unakufa usingizini. Ongezeni blanketi.

Asubuhi ile mzee alitusukuma kwenye mteremko, gia ya pili, baada ya kuipasha ile hita moja iliyobaki mara tatu. Likawaka kwa kukohoa, moshi mweupe ukatufunika wote. Tangu hapo tukifika tunaegesha pua ikitazama bondeni, na tangi tunalijaza Chimala, mji ulio chini ya mlima, kabla ya kuanza zile kona 57 za kupandia Matamba kuelekea Kitulo.