Dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu

Unayejenga Dar, Tanga au Mombasa, kabla hujamlipa fundi aluminiamu fikiria hili: dirisha la kusukuma la vioo viwili, hata likiwa na upana wa futi 6, linapitisha hewa kwenye futi 3 tu, kwa sababu kioo kimoja lazima kikae nyuma ya kingine. Kwa joto la pwani ni hasara kubwa. Vyumbani weka madirisha ya bawaba yanayofungukia nje, na wavu wa mbu wa ndani uwe wa kufunguka, mkono ufike kwenye komeo. Ukuta wa magharibi weka dirisha dogo. Jua la alasiri linachoma. Na vipimo vya madirisha vichukuliwe baada ya plasta, tafadhali.