Jinsi ya kupima kama treni ya sumaku italipa

Mtu akikwambia treni ya sumaku ndo usafiri wa kesho, usikimbilie spidi, muulize kwanza inaeleaje juu ya njia yake. Ya Shanghai sumaku zake zimejikunja chini ya njia zinajivuta juu, uwazi unaobaki ni kama milimita 10 tu, kwa hiyo kompyuta inarekebisha umeme muda wote na njia lazima inyooke kwelikweli. Ya Japani inatumia sumaku zilizopozwa hadi nyuzi 269 chini ya sifuri, inaelea kama sentimita 10, ila inaanza na matairi ikifika kama kilomita 150 kwa saa ndo inanyanyuka. Hiyo ndo iliyopiga 603 kwa saa mwaka 2015, kiufundi mi naona ubishi umeisha.

Ubishi uko kwenye hela. Cheki urefu wa njia, Shanghai ni kilomita 30 tu, kama dakika nane hivi, abiria hajakaa vizuri anashushwa kituo cha Longyang Road ambako sio katikati ya mji, inabidi apande metro na begi lake. Halafu uliza kama inaweza kupita kwenye reli zilizopo, haiwezi, maana yake kila kilomita unajenga upya, na Munich kule Ujerumani walifuta mradi wao wa treni hii 2008 gharama ilipopaa. Kisha hesabu abiria: kama sio miji miwili mikubwa iliyoachana kilomita mia kadhaa na watu wanapishana kila siku, treni ya kasi ya magurudumu inatosha kabisa.