Bima ya nyumba Texas: chungeni hizo herufi tatu, ACV

Hii ni ya wale mmenunua nyumba Dallas, Fort Worth, Houston na viunga vyake, hasa kama paa limeshapita miaka kumi.

Ukaguzi wa paa siku hizi si lazima mtu abishe mlango. Kampuni inapiga picha kwa ndege ama droni, wewe umelala umetoka zamu ya usiku, halafu unaletewa barua. Mara tawi la mti linagusa paa, likatwe. Mara paa limezeeka, hatutarinyuu, yaani bima ikiisha hawakuongezei mwaka mwingine. Hizo zinauma lakini angalau zinasema wazi. Iliyonichapa mimi ni ile ya kimya kimya, ilikuja ndani ya bahasha nene ya kurinyuu, primiamu, ile ada ya bima, imepanda kidogo kama kawaida yao, kumbe huko katikati wamehamisha paa kutoka RCV, yaani bei ya kuweka paa jipya, wakalipeleka ACV, yaani thamani yake baada ya kutoa uchakavu, na wameiandika kwa lugha ambayo hata wakili angerudia mara mbili.

Hebu tupige hesabu. Nyumba ina bima ya dola 350,000. Didaktibo ya upepo na mvua ya mawe (ndiyo ile eksesi ya bima ya gari kwetu) ni asilimia 2, na hapa ndipo watu wanapigwa chenga, si asilimia 2 ya hasara, ni asilimia 2 ya bima ya nyumba nzima, dola 7,000 kutoka mfukoni mwako. Paa jipya tuseme ni 18,000. Lako lilikuwa la kudumu miaka 20 na sasa lina 15, kwa hiyo kwa ACV wanakuhesabia robo, 4,500. Sasa toa 7,000. Hakuna cheki! Primiamu umelipa miaka yote hiyo na hakuna cheki, na klemu yenyewe, yaani lile dai la kulipwa, inaweza kukaa kwenye rekodi yako hadi miaka 7, kila kampuni utakayoiendea inaiona.

Asesa, mkaguzi wa hasara wa kampuni ya bima, aliyekuja kwangu alikuwa kijana mwenye adabu sana. Akapanda juu, akachora mraba kwa chaki, futi 10 kwa 10, akazungushia kila alama ya jiwe iliyokuwa ndani, akahesabu, akapiga picha, akashuka akaniambia paa limekwisha kabisa, pole. Nikafurahi jamani, nikidhani nimepata paa jipya, kumbe ni ACV. Hawa Wamarekani wenyeji wetu ndivyo walivyo, hakuna anayekudanganya na hakuna anayekwambia, mradi imeandikwa mahali basi wao wamemaliza, wanakutakia siku njema. Ajenti wa kwetu angenipigia simu, hata kama ni kwa ajili ya komishen yake.

Narudia tena: kila kurinyuu tafuta ule ukurasa wa dekleresheni, ndio muhtasari wa bima yako, angalia didaktibo ya upepo na mawe ni asilimia ngapi, angalia paa ni RCV ama ACV. Ukikuta ACV piga simu siku hiyo hiyo uliza kurudi RCV ni pesa ngapi, linganisha na kampuni zingine kwenye HelpInsure, tovuti ya jimbo. Fanya hivyo kabla ya Machi, mawe yakishaanza kuanguka umechelewa. Na piga picha za paa kila mwaka. Wala usiache bima ikatike ukiwa na mogeji, mkopo wa nyumba, benki itakuwekea bima yake ya bei ya kuua ambayo inalinda benki, si masofa yako.

Mvua ikipita tu, wanafika vijana na ngazi. Boss, paa bure, didaktibo tutaimeza sisi. Tangu Septemba 1, 2019 hiyo ni kosa la jinai Texas, na kampuni ya bima inaweza kudai risiti ya kuonyesha umelipa didaktibo. Usisaini chochote kwenye tableti yao. Jimbo halitoi leseni kwa mafundi wa paa, kwa hiyo mtu yeyote mwenye pikapu ni kontrakta, na haruhusiwi kukujadilia klemu na bima. Na nyinyi ndugu zangu wa kwenye grupu, muache kuniletea namba ya kijana wetu wa kanisani eti ni mwaminifu. Uaminifu sijakataa, yuko na bima yake ya kazi?

Ukibadilisha paa, omba vigae (hivi vya lami vya huku) vya Class 4, daraja la kustahimili mawe. Vinapimwa kwa kuangushiwa mpira wa chuma wa inchi 2 kutoka futi 20 na havipasuki. Kampuni nyingi zinapunguza primiamu, lakini uliza kwanza ni kiasi gani, kwa maandishi, na aliyeweka paa akujazie fomu ya PC068, ya kuthibitisha aina ya paa aliloweka ili upate punguzo, kabla hujamlipa pesa ya mwisho, baadaye hapatikani.

Shangazi yangu yeye anasema paa la karatasi na lami ni ujinga, si niweke mabati yaishe. Shangazi, mabati hapa ni ghali kuliko vigae, na kampuni nyingi za bima zikikupa punguzo la mabati zinakusainisha kwamba yakibonyea bila kuvuja hawalipi kitu. Yatabonyea.