Domeni inakubali paswedi asubuhi, mchana inakataa: msake DC aliyejibu

Wakuu, hii era ya kuja na kupotea inachosha kuliko ile inayogoma moja kwa moja, maana yuza anapiga simu, unapanda mpaka ghorofani kwake, unafika anakwambia "mbona sa hivi imeingia". Hapo wengi wetu tunarestati mashine, au tunaitoa kwenye domeni na kuirudisha, inatulia siku mbili alafu shida inarudi palepale. Naomba sana usianze na hilo. Ukirestati, tiketi za Kerberos (mfumo wa Windows wa kumthibitisha yuza kwenye domeni) zinafutika na mashine inaweza kwenda kwa DC mwingine (domain controller, seva inayokagua paswedi za domeni), yani ushahidi wote umeondoka nao.

Shida ya hivi mara nyingi maana yake DC wanaojibu ni zaidi ya mmoja, na kati yao kuna mgonjwa. Kwahiyo kazi ya kwanza ni kumjua aliyejibu pale ilipokataa.

Hatua ya 1: kamata jina la DC shida ikiwa bado ipo. Kwenye mashine ya yuza fungua cmd, andika `klist`, kila tiketi ina mstari wa Kdc Called, hilo ndo jina. Alafu `nltest /dsgetdc:ofisi.local` (weka domeni yako). Usitegemee %LOGONSERVER%, ile inakuonyesha DC wa wakati analogini, sio lazima ndo anayemjibu saa hii. Andika saa kamili, yuza, mashine na DC, daftari la kawaida linatosha. Ukishakuwa na matukio matano sita kuna jina litakuwa linajirudia.

Hapohapo jaribu kufungua folda ya seva kwa jina, `\\seva01\hati`, kisha kwa IP yake. Kwa IP Windows kwa kawaida inatumia NTLM (njia ya zamani ya uthibitisho) badala ya Kerberos, kwahiyo ikikataa kwa jina ikakubali kwa IP, shida iko upande wa Kerberos au DNS (inayogeuza majina kuwa IP), sio paswedi ya mtu.

Hatua ya 2: logi za DC huyohuyo. Ivent namba 4771 (Kerberos imekataa uthibitisho wa yuza) inaandikwa kwa DC aliyeshughulikia ombi tu, hawaambizani, ndo maana mtu anaangalia DC01 anakuta safi anasema domeni haina tatizo. Hakikisha audit ya Kerberos (kurekodi matukio yake) imewashwa, la sivyo hutaona kitu. Soma kodi yake: 0x18 ni paswedi sio sahihi, 0x25 ni saa zimepishana.

Hatua ya 3: saa. Hapa ndo nakaa sana kwa sababu nimeumizwa napo. Kerberos kwa mipangilio ya kawaida inavumilia dakika 5 tu za tofauti. Ofisi moja niliyokuwa nayo ilikuwa na DC watatu, mmoja ni VM (mashine pepe) ndani ya Hyper-V, programu inayoendesha VM juu ya kompyuta halisi, yani hosti, wiki nzima watu wanakataliwa kwa zamu, tukabadilisha paswedi za watu weee mpaka wakatuchukia. Kumbe yule wa VM alikuwa anachukua saa kwa hosti, na hosti nayo ni memba wa domeni hiyohiyo inachukua saa kwa DC, wanazungushana wenyewe kwa wenyewe na saa inazidi kusogea. Aliyekuwa anaangukia kwake anakataliwa, aliyeangukia kwa wengine anaingia.

Andika `w32tm /monitor`, utaona DC wote na wamepishana kiasi gani. Kisha kwa kila mmoja `w32tm /query /source`, ukiona imeandika VM IC Time Synchronization Provider, basi ndo kisa changu hicho. Zima hiyo taimu sinki ya Hyper-V kwa VM za DC. Kisha `netdom query fsmo` umjue PDC (DC ambaye wengine wanafuata saa yake), huyo peke yake ndo achukue saa nje kwa NTP (njia ya kusawazisha saa kupitia mtandao), wengine wafuate domeni. Na fayawoli iachie UDP 123.

Hatua ya 4: DNS. Angalia `ipconfig /all` ya yuza. Ukikuta DNS ya pili ni 8.8.8.8, iondoe leo leo, na kwenye DHCP (inayogawia mashine IP na DNS) pia. Watu wanaiweka kama akiba ya intaneti, lakini DNS ya ndani ikichelewa kidogo Windows inaruka kwa Google, Google haijui ofisi.local ni nini, inajibu haipo, na mashine inaweza kung'ang'ania huko kwa muda, baadae inajirudi yenyewe. Hiyo ndo "sa hivi imeingia".

Pia `nslookup -type=SRV _ldap._tcp.dc._msdcs.ofisi.local`, inaorodhesha DC waliosajiliwa kwenye DNS. Ukiona jina la DC mliyemzima zamani bado yupo, kuna mashine zinamgongea mlango na hajibu. Msafishe.

Hatua ya 5: yaliyobaki. `repadmin /replsummary` ikionyesha feli kwa yule DC wa daftarini, anza na replikesheni (DC kupeana data). `setspn -X` inaonyesha SPN (majina ya huduma kwenye Kerberos) zilizojirudia, hasa kama logi ya System ina KRB_AP_ERR_MODIFIED.

Ikiwa ni mashine moja tu inayosumbua, kwenye PowerShell ya hiyo mashine andika `Test-ComputerSecureChannel -Server dc02`, rudia kwa kila DC. Ikijibu False ongeza `-Repair -Credential` na akaunti yenye ruhusa, hakuna haja ya kuitoa kwenye domeni. Kama ni VM, muulize aliye zamu kama iliwahi kurudishwa snapshoti ya zamani, maana mashine inabadilisha paswedi yake kila siku 30, ukiirudisha nyuma inakuja na ile ya zamani na DC hawaitambui tena.