Kuipa ngano jeni za rai

Usichavushe ngano na rai, nafaka iliyo jamaa yake, moja kwa moja. Chotara wake huwa tasa. Mimi huanza na ngano ambayo tayari imebeba mkono mfupi wa kromosomu 1R ya rai, yaani kipande cha uzi wake wa jeni. Katika suke la aina wanayoipenda wakulima, nang'oa chavulio, sehemu za kiume za ua, kwa kibano zikiwa bado kijani, kisha naleta chavua ya ile ngano yenye kipande cha rai.

Chagua jeni kwa makini. Sr31, jeni ya rai, iliikinga ngano dhidi ya kutu ya shina, ugonjwa wa kuvu, hadi aina yake iitwayo Ug99 ilipoonekana Uganda mwaka 1998 na kuishinda. Tafuta jeni ya Sr50, nayo imetoka kwenye rai.

Pima DNA ya miche uone kama ina jeni hiyo, kisha ijaribu Njoro, Kenya, kutu iliko. Mwishowe kanda unga wake, maana kipande cha rai huweza kuufanya unate: donge likinata sana mikononi, mbegu hiyo naiacha, hata ikizaa vizuri.